Ayaana na Jembe la Siku ya Tatu

Sokoni Homa Bay, ukisogea karibu na meza za samaki, utaambiwa kabla hujauliza bei: "Huyu ni wa ziwa, si wa China." Mama anayekuambia hivyo atamfunua samaki matamvua uone wekundu, kisha atakutazama usoni kama shahidi aliyemaliza kuapa. Nimelisikia neno hilo tangu nikiwa sekondari. Kwetu sisi tuliolelewa kando ya ziwa, kabla Uchina haijawa nchi ilikuwa samaki. Ametoka mbali, amegandishwa, bei yake iko chini, na hakuna anayekubali hadharani kwamba amemla.

Nayasema haya mapema ili ujue nilikuwa na macho gani nilipoifungua The Dragonfly Sea, riwaya ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyotoka 2019. Pia nilikuwa na sababu ya nyumbani. Binamu yangu, binti ya mjomba, alikuwa amepata nafasi ya kusoma Xiamen, katika jimbo la Fujian. Ni mji uleule ambao Ayaana, mhusika mkuu wa riwaya, anapelekwa. Usiku nilisoma kurasa kadhaa, halafu nikamsikiliza binamu kwenye WhatsApp akinieleza mvua, chai, mabweni, na jinsi alivyopotea njia akienda kununua kadi ya simu. Kitabu mkono mmoja, simu mkono mwingine. Sijui kama ni njia nzuri ya kufanya uhakiki, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Kama hujaisoma, wacha nikuweke sawa, na nionye kwamba nitagusa mpaka mwisho. Ayaana ni mtoto wa kisiwa cha Pate, hana baba, anaishi na mama yake Munira ambaye kisiwa kimemgeuzia kisogo. Mtoto anajitafutia baba mwenyewe na kumpata kwa Muhidin, baharia mzee aliyerudi nyumbani na vitabu, ramani na hasira zake. Muhidin anamfundisha kusoma bahari na maneno. Halafu Uchina inakuja kubisha hodi. Inatafuta uzao wa mabaharia wa kale waliozama karibu na Pate, na inaamua kwamba Ayaana ndiye. Anaitwa Mzao. Anapandishwa meli ya mizigo, ambayo nahodha wake ni Lai Jin, na kupelekwa Fujian kusoma na kuonyeshwa.

Kusoma na kuonyeshwa. Riwaya nzima, kwangu, inakaa katikati ya vitenzi hivyo viwili. Na methali iliyonisaidia kuielewa ni ile tunayoikariri bila kufikiri: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida tunaisema kumtisha mgeni mvivu. Lakini igeuze uione upande wa pili. Jembe pia ni heshima. Ukipewa jembe umetolewa sebuleni, kule kwenye makochi yenye vitambaa na picha za harusi ukutani, umepelekwa shambani ambako udongo utakuingia kwenye kucha. Asiyepewa jembe atahudumiwa vizuri sana, na ataondoka hajui chochote kuhusu nyumba hiyo. Swali langu kwa Owuor lilikuwa moja tu: je, Ayaana alipewa jembe?

Kwanza, kisa cha kweli, maana kipo. Mwaka 2005 Uchina iliadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya Zheng He, yule amiri Mwislamu aliyeongoza misafara mikubwa ya meli hadi pwani yetu. Katika sherehe hizo alialikwa msichana wa miaka 19 kutoka Siyu, kisiwani Pate, aliyetajwa kuwa mzao wa mabaharia wa Kichina. Alipewa ufadhili, akaenda Nanjing kusomea tiba ya jadi ya Kichina. Magazeti ya dunia yaliandika. Picha zilipigwa. Owuor alichukua mbegu hiyo akaipanda kwingine, na hapo ndipo ninapoona akili yake. Nanjing iko jimbo la Jiangsu, ambako meli za Zheng He ziliundwa na misafara ikaanzia. Ni jimbo la serikali, la amri na sherehe. Yeye akampeleka Ayaana kusini, Fujian. Na badala ya tiba, Ayaana anaishia kusomea ubaharia.

Fujian si chaguo la bahati tu. Ni jimbo la milima iliyosogea hadi baharini. Ardhi ya kulima ni kidogo, kwa hiyo kwa karne nyingi watu wake wameishi kwa kuondoka, kuelekea Malaysia, Singapore, Ufilipino na Indonesia. Hata chuo kikuu cha Xiamen kilianzishwa 1921 na Tan Kah Kee, mwana wa jimbo hilo aliyetajirikia Singapore. Kaskazini kidogo ya Xiamen kuna Quanzhou, bandari ambayo wafanyabiashara Waarabu waliiita Zaitun. Ilikuwa na msikiti tangu 1009, na kuta zake za mawe bado zimesimama. Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisimulia pia kufika Zaitun miaka ya 1340. Mwaka 1417, akijiandaa kwa safari iliyofika pande zetu, Zheng He alifukiza ubani kwenye makaburi ya Waislamu nje ya mji huo, na jiwe lililoandikwa kumbukumbu hiyo bado lipo. Meli zake zilikuwa zikitia nanga Changle, pwani hiyohiyo ya Fujian, kungoja upepo wa kaskazi. Ndiyo, kaskazi. Pepo za msimu uleule ulioleta majahazi Lamu.

Kwa hiyo alipomhamisha Ayaana kutoka jimbo la sherehe hadi jimbo la waliosafiri, Owuor alikuwa anasema kitu bila kupiga kelele. Anasema kama kuna undugu kati ya Pate na Uchina, basi uutafute kwa watu waliongojea upepo mmoja. Damu siyo njia. Hilo ni wazo kubwa, na ndilo linalokibeba kitabu.

Damu ndiyo wenyeji wake wanayoitaka. Na hapa riwaya ni kali kweli. Ukimwita mtu mgeni, unamruhusu kuuliza maswali ya kijinga. Anaweza kusema "hiki sikipendi," anaweza kuchoka, anaweza kwenda kwao. Ukimwita ndugu kwa nguvu, umemnyang'anya hayo yote. Ndugu anatakiwa ajue tayari. Anatakiwa ashukuru. Anatakiwa alie kwenye kaburi la babu ambaye hakuwahi kumsikia, na kamera iko pale. Ayaana anapitishwa kwenye mapokezi, hotuba na salamu, na kila anayemtazama anaona habari yenye mwisho mwema: bahari zilitutenga, sasa tumekutana. Hakuna anayeuliza Munira yuko wapi, au Muhidin alimfundisha nini. Pate yenyewe, yenye historia yake nzito, inageuzwa kuwa mahali ambapo Wachina walizama.

Sio jambo geni. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme Yongle zawadi ya twiga. Wasomi wa jumba la mfalme walipomwona walisema ni qilin, mnyama wa kwenye ngano zao, ishara kwamba mfalme anatawala kwa haki. Yaani yule mnyama alisafiri bahari yote hiyo, na alipofika hawakumwona twiga. Waliona kitu walichokuwa nacho vichwani tangu zamani. Nilipokuwa nasoma sura za Ayaana akivalishwa jina la Mzao, twiga huyo hakunitoka akilini.

Na kuna watu kwetu pia wanaosukuma gari hilo. Wapo wanaokuambia jina la Shanga, gofu la mji wa kale kisiwani Pate, limetoka Shanghai. Linavutia masikioni, lakini wachimbuzi wamekuta watu waliishi Shanga tangu karne ya 8, na hiyo ni karne saba hivi kabla ya Zheng He. Jina lilikuwa na wenyewe. Riwaya haikanushi kwamba mabaharia walizama, wala kwamba baadhi yao walioa Pate. Inakataa tu kwamba jambo hilo likitokea, basi kisiwa kizima kiwe tanbihi ya historia ya mtu mwingine.

Sasa ngoja nikuambie ya binamu. Mwezi wake wa pili huko kulikuwa na usiku wa tamaduni. Waandaaji, ambao siwataji, walimletea kitambaa cha madoadoa ya chui wakamwomba acheze ngoma ya Afrika. Binamu yangu amesoma shule ya bweni ya wasichana, anaimba kwaya ya kanisa, na mara ya mwisho kumwona chui ilikuwa kwenye noti. Akanitumia sauti, anacheka lakini si kicheko chake: "Omera, hiyo ngoma sijawahi kuicheza maisha yangu yote. Lakini nilicheza. Walikuwa wamepanga viti tayari."

Nikamwambia asome kitabu. Akasema ana mtihani wa Kichina Jumatatu, niache.

Ila tuwe wa haki. Uchina si usiku mmoja wa tamaduni, kama vile Kenya si ngoma ya hoteli ya watalii. Ukitaka kujua jinsi mtu anavyojifunza utamaduni wa wengine, tazama kinachotokea viti vikishatolewa. Na hapa ndipo nina ugomvi na Owuor.

Ayaana anapoacha kuwa Mzao na kuanza kuwa mwanafunzi, kitabu kinapumua. Anapokataa njia aliyopangiwa na kuchagua kusomea ubaharia, anachukua jembe mwenyewe bila kungoja apewe. Anajifunza kupima, kukokotoa, kusoma mawimbi kwa lugha nyingine kabisa, na Muhidin yuko pale ndani yake akinong'ona. Kurasa hizo ni nzuri sana. Lakini Fujian yenyewe iko wapi? Pate ya Owuor ina mlevi, mchawi, mwalimu, majirani wenye wivu, paka, harufu ya waridi na ya samaki aliyeharibika. Unaweza kuchora ramani yake. Xiamen ya Owuor, kwa maoni yangu, inabaki mandhari. Watu wa kawaida wa mji huo, yule anayeuza chakula usiku, yule dereva, yule mama mpangishaji, wanapita kama vivuli. Uchina inamfikia Ayaana zaidi kupitia mwanamume mmoja mwenye majeraha, Lai Jin, na kabla hatujaizoea tunavutwa hadi Uturuki kwa sababu ya mwanamume mwingine, Koray. Mapenzi yanafanya kazi ambayo ilifaa kufanywa na mtaa.

Najua hoja ya upande wa pili. Ayaana ni mpweke, na mpweke huuona mji kama mandhari. Naikubali nusu. Lakini mwandishi si mpweke. Mwandishi anayeweza kukipa kisiwa kidogo roho zote hizo angeweza kumpa Ayaana rafiki mmoja wa Kifujian, wa kugombana naye kuhusu sufuria. Bila huyo rafiki, kitabu kinachowasuta wenyeji kwa kutomwona mgeni kinakaribia kufanya vilevile kwa wenyeji.

Ukitaka kujua upande mmoja unalipa nini ukiupuuza mwingine, njoo Gwassi, hapa Homa Bay. Pale Nyandiwa, kando ya ziwa, wazee watakuonyesha mahali pa Nyamgondho. Alikuwa mvuvi maskini. Siku moja wavu wake ulitoa bibi kizee majini, akampeleka nyumbani, na yule mgeni akamletea ng'ombe wasiohesabika. Nyamgondho alipotajirika akaanza kulewa, akamtukana: wewe si nilikuokota ziwani? Mama akanyanyuka bila neno. Akatembea kurudi majini, na ng'ombe wote wakamfuata mmoja mmoja. Mvuvi akabaki ufuoni akiwa ameegemea fimbo yake, akageuka mti. Dani alinisimulia hadithi hii mara nyingi nikidhani inahusu pombe. Nilipomaliza The Dragonfly Sea nikaiona upya. Inahusu mwenyeji aliyesahau kwamba mgeni naye anatoka mahali. Huko Fujian nako wana mwanamke wao wa majini, Mazu, wa kisiwa cha Meizhou, ambaye mabaharia walimwomba kabla ya safari, na jiwe ambalo Zheng He aliliacha Changle mwaka 1431 linamshukuru. Nilitamani sana Ayaana akae chini na mtu wa pale wabadilishane hadithi kama hizi mbili. Chumvi kwa chumvi. Kitabu kinasimama karibu kabisa na mazungumzo hayo, halafu kinapita.

Binamu yangu aliyapata. Likizo fupi, mwenzake wa bwenini alimchukua hadi Yongding, kwa nyanya yake. Nyanya huyo anaishi kwenye tulou, zile nyumba kubwa za Fujian zilizojengwa kwa udongo ulioshindiliwa. Nyingine ni mraba, nyingine duara kabisa. Ukuta wa nje ni mnene, madirisha yako juu tu, lango ni moja, na ndani kuna ghorofa zinazotazama uwanja mmoja wa kati. Ukoo mzima unakaa humo. Kubwa zaidi zinaweza kuchukua hadi watu 800. Ziliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, majengo 46. Ziliwafaa watu waliohofia majambazi na waliotaka kukaa pamoja.

Siku ya kwanza nyanya alimlisha. Siku ya pili alimlisha. Siku ya tatu akamwekea beseni la machipukizi ya mianzi na kisu, akamwonyesha kwa mkono: menya. "Omera, nilijikata kidole," binamu akanitumia sauti, na hicho sasa kilikuwa kicheko chake. Wakiwa wanamenya, nyanya akauliza kupitia mjukuu wake: kwenu mnajenga vipi mkiogopa adui?

Hapo binamu akanyamaza. Sisi ni watu wa hapa. Thimlich Ohinga iko Migori, kilomita 46 kutoka mjini. Tumeisoma kwenye kitabu cha historia, tumeijibu kwenye mtihani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Akamweleza nyanya yale ya kitabuni, kuta za mawe, nini na nini, halafu akanitumia ujumbe wa maneno matano: nimedanganya, nenda uniangalizie tafadhali kaka.

Nikaenda. Matatu hadi Rodi Kopany, nyingine kupita Ndhiwa, kisha bodaboda na vumbi la kutosha. Kitabu kilikuwa kwenye begi. Sijui kwa nini nilikibeba.

Kuta za Thimlich hazina udongo wala saruji. Ni jiwe juu ya jiwe, la nje na la ndani, na madogo yakijaza katikati. Mahali pengine zinafika mita 4 na zaidi kwenda juu, na unene wake ni kama mita moja. Milango ni ya chini kiasi kwamba lazima uiname kuingia. Adui naye aliinama, na mwenye rungu alikuwa anamngoja upande wa pili. Ndani kuna alama za nyumba, zizi la ng'ombe, na mashimo ya mchezo wa bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Nilikaa pale nikawaza watu wanacheza bao huku wakisikiliza nje. Eneo lote la kusini mwa Nyanza lina zaidi ya ngome 500 kama hizi, lakini hii ndiyo kubwa na iliyohifadhika vizuri zaidi. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2018.

Nilikuwa nimejaa majivuno. Njiani nilikuwa tayari nimeitunga sentensi ya kumpelekea binamu: mwambie nyanya, babu zetu walijenga hivi. Nikamuuliza mwongoza wageni, kwa Kijaluo kabisa, ili ajue mimi si mtalii: mababu wetu walianza lini? Akatabasamu kama mtu aliyezoea swali hilo. Akasema huenda walioanza kujenga, karibu karne ya 16, walikuwa watu wa lugha za Kibantu. Wajaluo walikuja baadaye, wakaingia, wakaishi, wakatengeneza palipobomoka, wakaongeza. Kizazi baada ya kizazi, watu wa aina tofauti, hadi karne ya 20.

Nikashika ukuta. Nilikuwa nimekuja kilomita zote hizo kufanya kile nilichokuwa nimewalaumu wenyeji wa Ayaana kurasa mia kadhaa: kutafuta damu. Nilitaka mawe yaniambie mimi ni mzao wao, nipige picha, niondoke. Mawe yalikuwa na habari nyingine. Aliyekuja baadaye alikuta ukuta wa mtu mwingine, na badala ya kuubomoa au kusema ni wa babu yake, aliokota jiwe lililoanguka akalirudisha. Alipewa jembe, au alilichukua. Ndivyo alivyokuwa wa pale.

Nikairudia riwaya jioni hiyo, gesti mjini Migori, na sura za mwisho zikanisomekea tofauti. Ayaana anarudi Pate. Hakuna sherehe. Na Lai Jin, nahodha aliyempeleka Uchina kama mzigo wa thamani, anakuja kisiwani. Sasa yeye ndiye mgeni, hana cheo, hana meli, na hakuna anayemwita mzao wa mtu. Kisiwa kitamtazama. Kitamcheka kidogo. Owuor anatuacha tukiona kwamba jibu la swali la undugu halikuwa kwenye vipimo vya damu vya kurasa za kati. Liko hapa, kwa mtu aliyevuka bahari akijua hana haki ya kudai chochote. Kwa hiyo naondoa nusu ya malalamiko yangu. Fujian yake ni nyembamba, bado nasema hivyo. Lakini mwisho wake umeelewa methali kuliko sisi tunaoikariri.

Neno moja kuhusu lugha, maana mtaniuliza. Riwaya ni ya Kiingereza, lakini Kiswahili, Kiarabu na Kichina vinaingia bila kuomba ruhusa wala kutafsiriwa. Watu wa Nairobi wanasema inachosha. Kwangu ilikuwa sawa kabisa. Mimi ni mtoto wa Kijaluo niliyejifunza Kiswahili shuleni, kwa viboko na insha za "siku nisiyoisahau", na Kiswahili cha Pate kinanipita kama Kimandarini kinavyompita binamu. Kukisoma nikiwa nusu sijui kulinikumbusha mimi ni mgeni humo pia. Isome hivyohivyo. Usikimbilie kamusi kila mstari. Acha neno likae siku mbili, ya tatu litakuambia lenyewe.

Binamu amerudi likizo Agosti hii. Tulienda naye sokoni kununua ngege wa Jumapili. Mama wa samaki akafunua matamvua, akaanza: "Huyu ni wa ziwa, si wa—" Binamu akamkatiza kwa heshima, "Mama, mimi nimetoka huko. Hata wao wana samaki wabichi, na wanawachagua vilevile, kwa kufunua hapo hapo." Mama akamtazama juu hadi chini. Akacheka, akaongeza mmoja mdogo juu ya mizani bila kulipisha, kisha akamsukumia kisu na beseni.

"Basi mparue magamba tuone."